Inchi Tano za Pini

Mke wa Fundi alilitafuta daftari tangu kulipopambazuka, na Fundi, aliyejua fika lilipo, alikaa kwenye cherehani akijifanya anahangaika kutia uzi kwenye sindano.

"Baba Pini, daftari la vipimo uliliweka wapi?"

"Limo humo humo. Lakini la nini? Hospitali wana vipimo vyao. Watatucheka tukienda na daftari la fundi cherehani."

"Watucheke kwa lipi? Daktari mwenyewe kasema tuje na rekodi yoyote ya ukuaji wa mtoto. Wenzetu watapeleka kadi za kliniki zilizotafunwa na panya. Sisi tuna kipimo cha kila mwaka, tena kwa mkono wa fundi." Alilipata chini ya rundo la vitambaa vya bitana, akalipangusa vumbi kwa kiganja na kulitia kwenye mfuko wa nailoni kama mtu anayebeba hati ya nyumba. "Wacha waone kwamba mtoto huyu hakutupwa."

Fundi akajichoma sindano kidoleni.

Mafundi wa nguo wana uongo wao ambao watu wameshausamehe: njoo Ijumaa, imebaki vifungo tu, umeme ulikatika. Uongo wa huyu haukuwa wa aina hiyo. Alishona sare za shule, na kila Januari, kabla hajagusa mtoto wa mtu, alimpima kwanza binti yake. Pini ndiye aliyefungua mwaka. Alisimama bila viatu kwenye mwimo wa mlango, Fundi akambana ncha ya tepu chini ya kisigino, akaivuta hadi utosini, akataja namba kwa sauti na kuiandika. Jina hilo alimpa mwenyewe siku mtoto alipozaliwa, kwa kuwa alikuwa mdogo hata pini ya nepi ilionekana kubwa kwake. Lilikuwa jina la mapenzi mpaka lilipofika shuleni.

Alipokuwa na miaka tisa, Pini aliwaona wenzake wote wanampita, akalia mlangoni pale pale huku tepu ikiwa bado kichwani. Mwaka uliofuata Fundi alichukua tepu kuukuu, akakata inchi moja mwanzoni, akakirudisha kile kibati cha ncha kwa koleo, akakibana vizuri. Mtoto alikuwa ameongezeka inchi moja. Tepu ikasema mbili. Pini alipiga makofi, akakimbia kumwambia mama yake. Kosa la mwaka huo lilikuwa la huruma. La mwaka uliofuata lilikuwa la woga, maana angeeleza vipi mtoto kuacha kurefuka ghafla? Kuanzia hapo halikuwa na jina jingine ila uongo. Kila Januari alikata inchi moja tena. Daftari likasema lake, na mkasi, ulipofika wakati wa kukata sare, ukaufuata mwili.

Hayo pengine angeweza kujisamehe. Asichoweza kukimeza ni kile cha miaka mitatu nyuma, nesi wa zahanati alipopita shuleni, akamwona Pini, akaandika kikaratasi kuwa mtoto apelekwe hospitali kubwa. Fundi alikwenda zahanati peke yake, daftari kwapani. Nesi akasoma: arobaini na tano, arobaini na saba, arobaini na tisa. "Ah, kama anaongezeka inchi mbili kwa mwaka, basi ni ufupi wa ukoo tu," akasema, akakichana kile kikaratasi. Fundi alirudi nyumbani akimwambia mkewe kwamba wataalamu wameshaangalia, mtoto hana neno. Funika kombe mwanaharamu apite. Sasa Pini alikuwa na miaka kumi na minne na kifua cha mtoto wa miaka minane. Daktari wa masikio, aliyekuwa akimtibu usaha usiokoma, ndiye aliyemtazama shingo na mikono kwa muda mrefu, kisha akawatuma kwa daktari wa homoni za watoto. Safari ya kwanza walitoa damu, wakapiga picha ya moyo, ya figo na ya kifundo cha mkono. Leo yalikuwa majibu.

Njiani Fundi alijiambia mara nne kwamba atamwambia mkewe kabla hawajafika. Wakafika.

*

Chumba cha kupimia kilikuwa wazi upande wa ukumbini, na akina mama wenye watoto wamejaa kwenye mabenchi. Nesi alimsimamisha Pini kwenye ubao wenye fimbo ya kupimia urefu, akamshushia kibao utosini.

"Mia moja ishirini na saba."

"Kwa inchi ni ngapi, mwanangu?" mama akauliza.

Nesi akainama kuangalia upande wa pili. "Hamsini."

"Hamsini? Huyu ana hamsini na tano tangu Januari! Mpime tena, hakusimama vizuri."

Nesi akapima tena. Hamsini. Mama akataka mara ya tatu, akaenda mwenyewe kumnyoosha Pini mabega na kumpandisha kidevu. Hamsini.

"Basi fimbo yenu mbovu."

"Mama, fimbo hii imepima watoto arobaini tangu asubuhi, na hakuna aliyelalamika."

"Kwa sababu hao baba zao si mafundi!" Akalichomoa daftari mfukoni, akaligeuzia mabenchi kana kwamba wale akina mama ndio mahakimu. "Mume wangu huyu hapa anapima watu mwaka wa ishirini sasa. Hajawahi kukosea hata nusu inchi. Shule nzima inavaa mkono wake. Baba Pini, si useme?"

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Walikuwa wamechoka kusubiri na hapa wamepata kichekesho. Bibi mmoja akasema, "Msikilizeni mwenzenu, mtoto anaweza kurefuka, kufupika hafupiki." Wakacheka zaidi. Pini alikuwa bado kwenye ubao, peku, anatazama vidole vya miguu yake. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Twende ndani," alisema. "Daktari ataona."

*

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, sauti ya chini, na alikuwa na tabia ya kuzungumza na Pini kwanza, wazazi baadaye. Alimwomba anyanyue misuko yake kisogoni. Nywele zilianzia chini sana, karibu na mabega, na ngozi ya shingo ilikuwa na mikunjo miwili, mmoja kila upande.

"Nani anakusuka?"

"Mama. Ndiyo kazi yake."

"Ya mtindo huu siku zote?"

Mama alikuwa akisukia wateja barazani mwa duka la mumewe, na hakuna kichwa mtaani asichokijua. Uso ukamshuka. "Niliona nywele zinaanzia chini mno. Nikawa namsuka za kufunika. Watoto wenzake wana maneno."

"Nimekuelewa," daktari akasema, akamrudishia Pini misuko taratibu. Kisha akafungua faili. "Pini, damu yako imejibu. Hali yako inaitwa sindromu ya Turner. Kwa kawaida msichana huwa na kromosomu mbili za X, chembe ndogo zinazopanga maumbile ya mwili. Wewe unayo moja. Hukuambukizwa, hukurithi, na hakuna aliyekosea. Hutokea tu, tangu mtoto anapotungwa."

"Si upande wetu, basi?" mama akauliza haraka. "Shangazi yake anasema—"

"Si upande wa mtu, mama. Si laana wala damu mbaya."

Fundi akashusha pumzi, halafu akaona aibu kwa kuishusha.

Daktari akaeleza polepole, akiweka kidole juu ya kila karatasi. Moyo ulikuwa mzima, lakini mshipa wake mkubwa lazima uangaliwe kila baada ya miaka michache, maisha yote, hata akijisikia vizuri. Figo salama. Masikio na tezi ya shingo vitapimwa kila mwaka. Ovari zake hazifanyi kazi, kwa hiyo mwili usingebalehe wenyewe; wangempa homoni ya kike kwa dawa, kidogo sana mwanzoni, waiongeze kwa miaka miwili hivi, kisha waongeze ya pili ili apate hedhi. Ingemlindia mifupa pia.

"Nitazaa?" Pini akauliza. Lilikuwa swali lake la kwanza siku nzima.

Mama akageukia dirishani.

"Kwa njia ya kawaida ni vigumu sana, nisikudanganye," daktari akasema. "Wapo wanaobeba mimba kwa yai la mwanamke mwingine, moyo ukishapimwa vizuri. Wapo wanaolea watoto. Wapo wasiotaka. Wakati ukifika utaamua wewe, na sisi tutakueleza kila kitu."

Pini akatikisa kichwa kukubali. Fundi alilirudia moyoni neno lile, nisikudanganye.

"Sasa urefu. Ipo sindano ya homoni ya kukuza, kila siku jioni, mpaka mifupa ifunge, yaani iache kurefuka. Ya kwako kwenye picha bado haijafunga. Hospitali hupata sindano hizi kwa mradi wa msaada, lakini ni chache, na kamati hupitia mafaili. Inatazama mwendo wa ukuaji: mtoto alikuwa wapi, sasa yuko wapi. Mmekuja na rekodi?"

"Tumekuja nayo." Mama aliiweka mezani kwa mikono miwili. Hata baada ya vicheko vya ukumbini, ilikuwa imani yake bado.

Daktari akasoma, akarudia kusoma. "Inchi mbili kila mwaka, bila kukosa. Hii ni kasi nzuri. Na leo tumepata hamsini." Akavua miwani. "Mojawapo ni kosa. Kama daftari ndilo sahihi na sisi tumekosea, basi Pini amekuwa akikua kama kawaida, na sindano zitakwenda kwa mtoto anayezihitaji zaidi. Siwezi kuandika barua bila kujua."

"Daftari ndilo sahihi," mama akasema. "Mimi ninaapa."

Hapo Fundi angeweza kunyamaza. Alilipima jambo lile kama anavyopima kitambaa kisichotosha, akaligeuza huku na huku. Akinyamaza, heshima yake inatoka mle chumbani nzima, na binti yake anatoka mikono mitupu.

"Usiape," akamwambia mkewe.

"Nini?"

"Usiape, mama Pini. Daftari ni la uongo. Niliikata tepu."

Daktari hakuelewa. Ikambidi aeleze yote, kipande kwa kipande, inchi ya kila mwaka, koleo, kibati, mbele ya mtoto aliyekuwa akisimama mlangoni peku akingoja namba yake. Akaeleza na habari ya zahanati. Alisema akitazama miguu ya meza, na kadiri alivyosema ndivyo sauti yake ilivyozidi kuwa ndogo, mpaka daktari akamwomba arudie.

Mkewe hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyepigwa kofi hadharani, "Umeniacha niseme vile mbele ya watu wote wale."

"Baba," Pini akasema, "siku niliyovuka hamsini. Mama alinunulia baraza zima soda. Ilikuwa ngapi kweli?"

"Arobaini na nane."

"Kwa hiyo hamsini ya kweli ndiyo hii ya leo."

"Ndiyo hii, mwanangu."

Daktari alivaa miwani, akaandika. Akamwambia Fundi ataje namba za kweli, kwani mtu anayekata sare hawezi kuzisahau, na Fundi akazitaja moja moja: arobaini na tano, arobaini na sita, arobaini na saba, mpaka hamsini. Zilikuwa zimekaa kichwani mwake miaka yote zikimsumbua.

"Angeanza mapema ingekuwa afadhali," daktari akasema mwishoni. "Nafasi ipo, ila si kubwa."

"Nimempotezea inchi ngapi?"

"Hilo hakuna atakayekutajia namba, Fundi."

Alingoja kidogo, labda daktari angebadili mawazo. Alitaka ajue. Hata kama ni nne, hata kama ni tano, alitaka namba ya kubeba. Daktari akapiga kengele kumwita mgonjwa mwingine.

*

Nyumbani hakuna aliyekula vizuri. Fundi akatoa kopo la vifungo, akachota chini yake vipande vitano vya tepu, kila kimoja inchi moja, akaviweka mezani.

"Uliviweka vya nini?" mkewe akauliza.

Fundi hatupi kipande. Labda ni hilo tu. Pini alivipanga kwa mstari kwa kucha ya kidole, moja, mbili, tatu, nne, tano, na vilipokaa pamoja vilikuwa virefu kama kidole cha mtu mzima na nusu yake.

"Ulikuwa unanionea haya?"

"Hapana! Nilikuwa nakuonea huruma."

"Ungeniuliza mimi ningesema nipelekwe hospitali," Pini akasema. Akavikusanya vipande, akaingia navyo chumbani kwake.

Mama alimfuata. Fundi aliwasikia kupitia pazia, misuko inafumuliwa mmoja mmoja, na mkewe akisema, "Na mimi nisamehe. Kuanzia kesho nakufunga juu, shingo iwe wazi. Atakayesema aseme." Kisha kilio, hakujua cha yupi. Alibaki na cherehani yake. Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua. Yeye aliumbuliwa mapema, tena akiwa hai, na pengine hilo lilikuwa bahati.

Kamati ilikubali baada ya wiki sita. Dawa ilitakiwa kukaa kwenye ubaridi, na nyumba haikuwa na friji. Friji pekee ya jirani ilikuwa ya muuza soda, mtu ambaye siri kwake ilikaa muda wa kufungua chupa moja. Mkewe angeweza kwenda. Alimtazama tu Fundi, na Fundi akaenda.

"Dawa ya nini tena hii?" muuza soda akauliza, akiligeuza boksi. "Isije ikawa ya maradhi ya kuambukiza, wateja wangu wanakunywa humu."

Mwongo hodari angepata jibu papo hapo, na Fundi alikuwa nalo ulimini: vitamini. "Ya kumkuza binti yangu," akasema. "Mwili wake una upungufu tangu kuzaliwa. Tulichelewa kumpeleka. Mimi ndiye niliyechelewesha, kwa tepu niliyoikata."

Muuza soda akasogeza chupa na kuliweka boksi kwenye rafu ya juu. Kufikia jioni mtaa mzima ulijua. Fundi alipita barazani akilileta nyumbani lile boksi kwa sindano ya jioni, na watu waliamkiana naye kwa upole uliomuuma kuliko vicheko vya hospitali.

Sindano Pini alijichoma mwenyewe pajani, mama akimshikia taa. Jioni ya kwanza Fundi alisimama mlangoni, tayari kusaidia. "Baba akae nje," Pini akasema, na alikaa nje jioni hiyo na zote zilizofuata.

*

Januari ikaja, na duka likajaa. Akina mama walisubiri na watoto wao, vitambaa vya sare vimejaa kaunta. Fundi alikuwa amenunua tepu mpya, na hakuthubutu kuifungua. Ilikaa na karatasi yake tangu asubuhi, na hakumpima mtu. Watu wakaanza kunung'unika.

Pini akatoka chumbani, nywele zimefungwa juu, shingo wazi. Hakuna aliyemwita. Alivua viatu, akaichukua tepu, akachana karatasi. Kisha, mbele ya wateja wote, akashika ncha, akakijaribu kile kibati kwa kucha kama kimebanwa upya, akasoma kwa sauti, "Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita." Akaisogeza karibu na macho, akairudia tena. Fundi alisimama na kalamu mkononi, na kila mtu dukani alijua kinachoendelea.

"Mama, nipime wewe."

Mkewe akaacha kichwa alichokuwa akisuka, akafuta mafuta mikononi, akaja. Akabana ncha chini ya kisigino, akainuka nayo, akakaza macho utosini.

"Hamsini na nusu," akasema. "Imezidi na kidogo."

"Miezi mitatu ya sindano?" Pini akauliza.

"Miezi mitatu."

Pini hakupiga makofi. Alimnyang'anya Fundi kalamu, akafungua daftari jipya alilokuwa ameficha kwapani, akaketi kwenye kigoda na kuandika tarehe na namba kwa mwandiko wa polepole. Nusu inchi ile ilikuwa ya kweli, ya kwanza ya kweli kutajwa mlangoni pale kwa miaka mitano, na Fundi hakuwa na haki ya kuifurahia kwa sauti.

Akamwita mtoto wa kwanza kwenye foleni. Mama yake mtoto hakumsogeza. Alikuwa mteja wa miaka mingi, watoto wake wanne wote walivaa mkono huu.

"Fundi, usinielewe vibaya," akasema akinyoosha mkono. "Hiyo tepu, hebu na mimi niione."

Fundi aliinua mkono ampe.

"Nzima hiyo, mama," Pini akasema, bila kuinua kichwa kwenye daftari. "Nimeikagua mwenyewe."

Yule mama akaurudisha mkono wake, akamsukuma mtoto mbele. Fundi akainama kumpima mtoto wa watu, na ikambidi asome namba mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakuwa anaona vizuri.